Siti ya 23: namna ya kupanga mchezo wa kutisha unaoanza na kuisha usiku mmoja

Mara ya kwanza nilipoendesha mchezo wa kutisha, hakuna aliyetishika. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne: kisiwa kimoja cha Ssese, kijiji kisicho na mbwa hata mmoja, na mvuvi aliyekufa ambaye bado anauza samaki gatini. Ilipofika saa 3 usiku wahusika walikuwa bado Nakiwogo, gati la Entebbe, wanabishana na mkata tiketi wa meli. Mchezaji mmoja akasimama, akasema taksi za Mukono zinakaribia kuisha, akaondoka. Wa pili akamfuata. Mvuvi wangu hakuuza hata ngege mmoja.

Nilikuwa nimepanga kuanzia mwanzo. Mchezo wa usiku mmoja hupangwa kinyumenyume: unaanza na saa ambayo mtu wa mwisho lazima awe amepanda boda, kisha unarudi nyuma taratibu mpaka unafika kwenye "karibuni, kaeni." Mengine yote ninayoyaeleza hapa yametokana na hilo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni kusimulia kwa kushirikiana. Mtu mmoja, nitamwita msimulizi, anashika ulimwengu, yaani barabara, mvua, kondakta, na kile kilichoko gizani. Wengine kila mmoja anashika mhusika wake na kusema anafanya nini. Jambo likiwa na hatari, dadu au karata ndizo zinazoamua. Michezo hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 na Dungeons & Dragons, mambo ya mapanga na mazimwi. Hofu ilipata mchezo wake mkubwa mwaka 1981, Call of Cthulhu wa kampuni ya Chaosium, ambamo wahusika ni watu wa kawaida wanaozidi kuchanganyikiwa kadiri wanavyoujua ukweli. Sisi tuliolelewa na hadithi za bibi jikoni hatuoni ugeni mkubwa. Tofauti ni kwamba hapa wasikilizaji wanaruhusiwa kumkatiza bibi na kusema, "Mimi siingii humo ndani."

Makundi mengi hucheza hadithi moja kwa miezi. Huu wetu unaisha leo leo, na hiyo ndiyo nguvu yake: mhusika ambaye hutamwona tena wiki ijayo unaweza kumuua bila kumwonea huruma.

Hatua ya 1: Andika saa ya kuondoka

Chukua karatasi, chini kabisa andika saa ambayo nyumba lazima iwe tupu. Kwetu Kibuli, hapa Kampala, ni saa 3:15 usiku. Baada ya hapo boda wanapandisha bei, na mwenye nyumba anataka kufunga geti. Sasa panda juu.

Dakika thelathini za mwisho si za mchezo. Ni za kuwasha taa, kunywa chai na kucheka. Kwa hiyo hadithi inakufa saa 2:45. Sehemu ya mwisho, yenye vifo, inahitaji dakika arobaini, ianze saa 2:05. Ya kati ianze saa 1:10. Ya kwanza ianze saa 11:30 jioni na iishe saa 12:30. Kabla yake kuna nusu saa ya kueleza sheria na kugawa wahusika, na kabla ya hapo nusu saa nyingine kwa ajili ya wale ambao ukiwaambia saa 10:30 wanakuja saa 11. Unawajua.

Angalia pengo la kati ya 12:30 na 1:10. Sikuliacha kwa bahati. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua la Kampala linazama takriban saa ile ile mwaka mzima, kati ya 12:30 na saa 1, na giza halichelewi. Wenzetu Waislamu wanasimama kuswali magharibi, wengine wananyoosha miguu, mtu anakimbia kununua chapati. Waliondoka mezani kukiwa na mwanga dirishani. Wakirudi, dirisha ni jeusi. Hujafanya lolote, na tayari chumba kimebadilika. Msimulizi wa Ulaya ana jua linalomchezea kila mwezi. Wewe umepewa saa ya bure, itumie.

Hatua ya 2: Andika mwisho, sentensi moja tu

Kabla ya kuwa na wahusika wala zimwi, andika picha ya mwisho. Picha, si maelezo. Nitatumia mchezo wangu wa basi kama mfano mpaka mwisho wa mwongozo huu, na ukiupenda uchukue. Sentensi yangu ilikuwa hii: *Alfajiri basi linaingia Arua, kondakta anahesabu abiria, na idadi inalingana na tiketi.*

Ukiisoma peke yake haitishi mtu. Inatisha kwa wale tu waliokaa saa tatu wakijua kwamba idadi ilikuwa imezidi kwa mmoja, na kwamba njiani wameshuka watu wawili. Hivyo ndivyo unavyoipima: mwisho mzuri hauna maana kwa aliyechelewa kufika. Ukiweza kumsimulia jirani mwisho wako naye akatetemeka hapo hapo, huenda umeandika kelele tu.

Hatua ya 3: Mahali pamoja, mlango mmoja

Kosa langu la Nakiwogo lilikuwa pia la safari. Kila unapowahamisha wahusika unawapa nafasi ya kubishana juu ya nauli. Wafungie mahali pamoja.

Nilifikiria mahandaki ya shaba ya Kilembe, ambako uchimbaji mkubwa ulisimama tangu miaka ya 1980. Ni pazuri, lakini wachezaji wangu hawajawahi kuingia mgodini, ningelazimika kueleza kila kitu. Basi la usiku la kutoka Kampala kwenda West Nile, upande wa Arua, kila mtu analijua. Anajua Arua Park, stendi ya Kampala, na makelele yake, harufu ya samaki wakavu chini ya siti, mtoto anayelia, redio ya dereva. Anajua lami ndefu ya Karuma, nyani wa pembeni, daraja lile la mwaka 1963 juu ya Nile na maji meupe chini yake. Anajua kwamba ukishavuka na kukata kushoto kuelekea Pakwach, taa za nyumba zinaadimika. Sikuhitaji kuwachorea. Nilisema tu, "Saa 7 usiku, mmeshavuka Karuma, injini imezima," wakanyamaza wote.

Kuna faida nyingine. Kwenye basi la namna hiyo watu wasiojuana huzungumza Kiswahili. Mezani kwangu kuna binti wa Arua, kijana wa Bukavu, mwanafunzi Mkenya na ndugu wawili wa Kibuli. Lugha tunayokutana ni hiyo, kila mmoja na rangi yake. Mhusika wa yule wa Bukavu akisema "sijuwe miye," ni yeye mwenyewe, hakuna anayeigiza lafudhi.

Angalizo: sikufanya ajali ya basi. Ajali za barabara ile ni za kweli na watu wamezika ndugu zao. Gari limezima tu, mkanda wa feni umekatika.

Hatua ya 4: Kile kitu

Jibu maswali matatu kwa siri: kinataka nini, dalili gani hukitangulia, na kitu gani hakiwezi kufanya. Hilo la tatu ndilo watu husahau, na bila hilo wachezaji hawana la kupambana nalo, wanakaa tu wakisubiri kuliwa.

Changu ni abiria wa ziada. Kinataka nafasi ya mtu, yaani kukaa kwenye siti yake, kuitwa kwa jina lake, kupokelewa nyumbani kwake. Dalili yake ni hesabu: kila wanapohesabiana anazidi mmoja, na nyuso zote wanazifahamu. Hakiwezi kujitaja jina. Lazima mtu mwingine akiite.

Sikuwahi kukieleza sura. Badala yake, mapema, wakati bado kuna jua, nilimpa kila mchezaji kikaratasi chenye swali moja: *Aliyekaa siti ya 23 alikuwa nani?* Wakajibu bila kuonyeshana. Mmoja akaandika sista mwenye mkoba wa kijani. Mwingine, mzee mwenye kuku wawili. Mwingine, mwanafunzi aliyelala tangu Luweero. Nikavikusanya, nikaviweka. Baada ya magharibi, mhusika mmoja alipouliza, "Yule sista yuko wapi?" na mwenzake akajibu, "Sista gani?", kazi yangu ilikuwa imekwisha. Walijitisha wenyewe kwa maneno yao wenyewe. Kama utachukua jambo moja tu humu, chukua hili la vikaratasi.

Unaweza kuchota kwenye hadithi za kwetu pia. Baganda wana Walumbe, Kifo mwenyewe, kaka yake Nambi, aliyewafuata Nambi na Kintu duniani kwa sababu Nambi alirudi kuchukua ulezi wa kuku wake, na aliyeingia ardhini kule Ttanda alipofukuzwa na Kayikuzi. Kwangu hiyo ni hadithi ya kutisha iliyokamilika: kosa dogo la nyumbani, mgeni asiyeondoka. Wachawi wa usiku, wale basezi, nao wapo. Lakini tumia kwa akili. Jina la zimwi la mbali halimgusi mtu. La kwetu linaweza kumgusa mahali ambapo hukukusudia, na mlokole au mtu wa dini aliyekuja kucheza hapaswi kujikuta anataja majini ambayo hataki kuyataja. Muulize kwanza.

Hatua ya 5: Uliza kisichoguswa

Siku mbili kabla, mwandikie kila mchezaji peke yake, si kwenye kundi la WhatsApp: "Kuna jambo gani usingependa kulikuta kwenye hadithi?" Kwenye kundi kila mtu ni shujaa. Peke yake atakuambia ukweli, na haupaswi kumuuliza sababu.

Mimi nina orodha yangu ambayo hata siulizi. Vita vya kaskazini na watoto waliotekwa. Kafara za watoto. Moto wa kanisa la Kanungu wa mwaka 2000. Watu wanaochukuliwa na magari usiku. Kwa mchezaji wa Bukavu, askari wa aina yoyote porini. Haya si ya kutishana, haya watu wameyaishi, na anayefikiri yatatia chumvi mchezo wake amechanganya hofu na kidonda.

Mezani weka pia njia ya kusimamisha. Mmarekani John Stavropoulos aliieneza desturi ya kuweka kadi yenye alama ya X katikati ya meza: ukiigusa, kilichokuwa kinasimuliwa kinaachwa, hakuna maswali. Sisi tunatumia jokari la karata, kwa kuwa halina kazi nyingine. Limeguswa mara moja tu kwa miaka yote. Nilikuwa naeleza maji yakipanda. Nikasema, "Sawa, hakuna maji," tukaendelea, na mpaka leo sijui kwa nini.

Mtu mwingine wa kuulizwa ni mwenye nyumba. Mama wa wale ndugu wawili alisikia neno "mizimu" kupitia mlangoni, akaingia na kutangaza kwamba hakuna atakayemwitia mashetani sebuleni kwake. Nusu saa ikaenda. Sasa tunamweleza mapema kwamba ni hadithi, na tunamwachia sumbusa.

Hatua ya 6: Wahusika walioiva

Usiwaache wachezaji waunde wahusika usiku ule. Hakuna muda. Tengeneza sita, ingawa wachezaji ni watano, ili wa mwisho asibaki na makombo. Kila mmoja apate nusu ukurasa: kazi, anakokwenda, kitu kimoja alichobeba, na maswali mawili ambayo mchezaji atajibu mwenyewe. Maswali yawe yameshamtia hatiani kabla hajajibu:

*Uliyemwambia uongo kwamba husafiri usiku huu ni nani?*
*Kwa nini ulinunua tiketi mbili na umekuja peke yako?*
*Boksi lililo chini ya miguu yako ni la nani, na umeahidi nini kuhusu kulifungua?*
*Marehemu unayekwenda kumzika alikuambia nini mara ya mwisho?*

Usiulize, "Je, una siri?" Atasema hana.

Waunganishe wawili wawili. Muuza nguo za mtumba anamdai fundi simu. Nesi aliwahi kumhudumia mama wa mwanafunzi. Wageni watupu hawana sababu ya kugombania nani abaki kwenye siti ya 23.

Hatua ya 7: Kitu cha kuamua

Ukitaka kutumia sheria za Call of Cthulhu, nyingi ni za asilimia: ujuzi wako ni 60, ukipata 60 au pungufu umefaulu. Dadu zake za pande kumi sikuzipata madukani kwetu. Tulikata vikaratasi vya 0 hadi 9, tukaviweka vikombe viwili, kimoja cha makumi na kingine cha mamoja. Vinafanya kazi vizuri.

Kuna mchezo mwingine, Dread, ambao hauna dadu kabisa. Una mnara wa Jenga, wa vipande vya mbao. Ukitaka kufanya jambo la hatari unachomoa kipande, na ukiangusha mnara mhusika wako ametoka. Napenda kwamba jina la mnara huo ni letu: Leslie Scott, aliyeubuni na kuuonyesha London mwaka 1983, alikulia Afrika, na neno alilitoa kwenye "kujenga". Vipande ni 54, vitatu kila ghorofa. Seremala anaweza kukukatia: urefu sentimita 7.5, upana 2.5, unene 1.5. Mwambie apige msasa vizuri, na asihangaike vikitofautiana kidogo sana, maana tofauti hizo ndizo zinazofanya vingine vilegee na vingine vigome. Tatizo ni meza. Ikiwa mguu mmoja ni mfupi, kama ya kwetu, mnara utamuua mtu asiye na kosa.

Ninachotumia sasa ni karata za kawaida, na wazo limetoka kwenye matatu, mchezo ambao kila kijiwe cha boda wanaujua. Kwenye matatu, saba inaweza kukata mchezo hapo hapo. Nikasema basi kwetu saba ikate mtu.

Tenga karata 30, upange mafungu matatu ya kumi kumi. Fungu la kwanza liwe na nyekundu sita na nyeusi nne, bila saba yoyote. La pili, nyekundu tano, nyeusi nne, saba moja. La tatu, nyekundu tatu, nyeusi tano, saba mbili. Changanya kila fungu peke yake. Mhusika akifanya jambo la hatari, mchezaji anavuta. Kopa au uru: umefaulu. Shupaza au pau: umefaulu pia, ila unalipa, kwa jeraha, kwa kitu ulichobeba, au kwa kukiri jibu la swali lako mbele ya wote. Saba, ya rangi yoyote: mhusika wako hayumo tena. Msimulizi na mchezaji wanaelewana namna gani.

Mafungu hayo ndiyo saa yako. Fungu likiisha, sehemu imekwisha. Kumi kwa kila sehemu, na unajua kila sehemu ina dakika ngapi. Wachezaji waoga wakikataa kuvuta, na wapo, kila zikipita dakika kumi bila karata fungua moja mwenyewe, kimya, iweke mezani, endelea kusimulia. Ikitokea ni saba, iache pale uso juu. Ni ya mchezaji atakayefuata kuvuta. Utaona jinsi watu wazima wanavyokaa juu ya mikono yao.

Jaribio la kwanza nilichanganya karata zote 30 pamoja. Saba ilitoka dakika ya nane, binti wa Arua akafa kabla basi halijafika Bombo. Ndiyo sababu ya mafungu.

Hatua ya 8: Chumba

Hapa nitapita haraka. Mwanga mmoja mdogo katikati: taa ya sola inatosha. Ukitaka koroboi, ile tadooba, iweke kwenye sahani ya bati mbali na mapazia. Simu zote kwenye kikapu isipokuwa yako. Rolex, chapati ya mayai, ni tamu lakini mafuta yake huharibu karata, na kikomando, chapati na maharage, kinahitaji kijiko, kwa hiyo tunakula wakati wa magharibi na mezani inabaki karanga. Mvua ikipiga mabati hutasikika. Usishindane nayo, sogezeni viti karibu na unong'one. Muziki hauna faida kubwa. Jumamosi baa ya jirani ina wa kwake.

Hatua ya 9: Kuendesha

Sehemu ya kwanza iwe ya kawaida kabisa. Msimulizi mchanga anaogopa kuchosha, anatoa damu dakika ya tano. Waache waagize gonja, ndizi za kuchoma, dirishani, wagombane juu ya dirisha lililofunguliwa, wamsikilize mhubiri wa ndani ya basi akiuza dawa ya minyoo. Wanajenga kitu ambacho baadaye utakigusa. Jambo moja tu liende kombo kabla ya magharibi, tena dogo: kondakta anahesabu, anakunja uso, anahesabu tena, anasema "haya" na kwenda mbele.

Sehemu ya pili, funga milango. Gari limezima, kondakta ametembea kutafuta mtandao, tochi yake imeonekana mpaka kwenye kona. Kisha rudisha vitu vyao vilivyoharibika kidogo. Mhubiri amelala, lakini sauti yake bado inasikika nyuma.

Sema machache. Sentensi fupi, kisha mwulize mtu mmoja kwa jina la mhusika wake: "Nesi, uko karibu na dirisha. Kioo kina ukungu wa pumzi. Ni upande wa ndani au wa nje?" Yeyote kati ya majibu hayo ni baya, na amelichagua mwenyewe. Halafu nyamaza. Hesabu mpaka tano moyoni. Kimya chako kitakuuma wewe kwanza, na utatamani kukijaza kwa mzaha. Mzaha waachie wao. Mtu akichekesha mezani mara nyingi anapumua, usimkaripie. Cheka naye, kisha sema polepole, "Kwenye basi, mtu mwingine pia amecheka."

Ukiulizwa jambo ambalo hukulipanga, mrudishie: "Wewe unafikiri ulikiona wapi kabla?" Atakupa kitu kizuri kuliko kurasa zangu kumi na nne.

Aliyekatwa na saba asirudishwe nyumbani wala asipewe simu yake. Mhamishie upande wako. Kwangu anakuwa sauti ya siti ya 23: anaruhusiwa kusema neno moja kila karata nyeusi inapotoka, na neno hilo lisiwe jina lake. Wachezaji wangu sasa wanagombania kufa mapema, jambo ambalo ni tatizo la aina yake.

Sehemu ya tatu, tazama saa kuliko karatasi zako. Ikifika 2:30 na bado wanajadiliana, fungua karata mbili mfululizo. Waache wafikie uamuzi mmoja mkubwa tu, kwangu ni nani aachwe kwenye siti, au nani aitwe kwa jina la mwingine, na usiwasaidie. Wakipata njia ambayo hukuifikiria, mradi haivunji lile jambo ambalo kile kitu hakiwezi kulifanya, ikubali. Kisha soma sentensi yako ya mwisho jinsi ulivyoiandika siku ile ya kwanza. Usiongeze neno.

Baada ya hapo

Washa taa ya juu wewe mwenyewe. Mimina chai. Sasa ndipo unapofunua vikaratasi vya siti ya 23 na kuvisoma kwa sauti, na watu wanapiga kelele, wanalaumiana, wanarudi kuwa wao. Usimwache mtu atoke mlangoni akiwa bado yuko kwenye basi. Ukiona mmoja yuko kimya mno, mbakize nyuma aoshe vikombe nawe.

Panga nani anaondoka na nani, na kila mtu aandike akifika. Mara ya mwisho binti wa Arua alitoka peke yake mpaka stejini, mwenye boda akamuuliza kama kawaida yao, "Mko wawili?" Alitupigia simu kutoka pale pale, akikataa kupanda mpaka yule bwana ahesabu tena.